Upanga wa Kiu

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa pembe, ambao mwenyewe huona haya kuutandika mbele ya wageni. Msala ndio huo mpya, wa rangi za kuchangamsha macho, ambao mtu kaubeba begani anapita nao mlangoni kwako akienda zake. Methali haisemi kwamba msala ni mbaya. La hasha! Uzuri wake hauna ubishi. Inasema tu kwamba unapita, na anayetupa mkeka wake ili aukimbilie ataketi sakafuni. Maana hiyo kila mwanafunzi huijua kwa kichwa. Hata Medard aliijua, kwani alipokuwa darasa la nne kambini alipata kumi kwa kumi kwa kuieleza. Lakini kuijua methali ni jambo moja, bwana, na kuifuata ni jambo lingine.

Medard alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, Mrundi aliyezaliwa na kulelewa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mkoani Kigoma. Sasa alifanya kazi katika ghala la vifurushi jijini Louisville. Alisimama saa kumi kwa siku kando ya mkanda wa mizigo, akipokea maboksi na kuyapanga, akipokea na kuyapanga. Wafanyakazi wenzake walikuwa watu wema tu, ila kila mmoja alikuwa na hedifoni masikioni, na wiki nzima iliweza kupita bila mtu kumuuliza ameamkaje. Mama yake, aliyekuja naye Marekani, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Medard alirudi jioni kwenye chumba chake, akapika ugali wa mtu mmoja, akaula akiwa amesimama.

Watu wake wa moyoni waliobaki duniani walikuwa watatu, na wote walikuwa mbali. Kambini waliishi katika nyumba moja ya udongo, watoto watatu wa ndugu watatu, chini ya nyanya yao mmoja, Bibi Theodosia. Lakini siku za kuhamishiwa Marekani zilipofika, wapanga safari hawakuangalia nyumba, waliangalia makaratasi. Kila familia ilikuwa na kadi yake ya mgawo wa chakula, na kila kadi ikapewa mji wake. Medard na mama yake wakapelekwa Louisville. Binamu yake Florida na wazazi wake wakapelekwa Columbus, na huko akasoma hadi akaingia chuo kikuu. Sasa alikuwa akifanya utafiti wa udongo na alipanga chumba karibu na chuo. Binamu yao mkubwa, Dionizi, alikwenda Buffalo pamoja na Bibi, akapata kazi kwenye kiwanda cha madirisha upande wa Kenmore. Watu waliwaambia wamebahatika kuwa nchi moja, kana kwamba nchi ile ni kitongoji.

Kilichowakutanisha ulikuwa mchezo wa kompyuta. Msicheke. Ulikuwa na misitu, mapango na majitu yenye vichwa vitatu, na watu waliokaa miji mbalimbali waliweza kutembea humo pamoja huku wakisikilizana kama walioketi mkeka mmoja. Dionizi alishika ngao na kutangulia. Florida alikuwa mganga, akiwarudishia uhai waliojeruhiwa. Medard alibeba upinde wa mti, ule ule ambao kila mchezaji hupewa siku ya kwanza ili asiende mikono mitupu. Mshale wake ulilichubua jitu kidogo tu, likageuka kumtazama kwa dharau. Miaka miwili walikuwa wamekwama katika bonde lile lile, kwa sababu, tuseme kweli, walipiga soga kuliko walivyopiga majitu.

Hawakwenda wao watatu tu. Kila Jumapili saa tisa alasiri, baada ya misa na chakula, Bibi Theodosia aliburuta kiti chake akaketi kando ya Dionizi. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Mambo ya kompyuta hakuyaelewa wala hakutaka kuyaelewa. Alichokiona ni msitu, na kilichomjia ni siku za kambini, watoto walipokwenda kuokota kuni nje ya mipaka. Huko mtoto aliyekwenda peke yake alipigwa, akanyang'anywa panga, na wengine hawakurudi kabisa. Kwa hiyo Bibi alikuwa na sheria yake: alisimama mlangoni akaita majina, na asiposikia watatu wameitika, hakuna aliyetoka.

"Medard!" aliita sasa kutoka Buffalo.

"Niko, Bibi," Medard aliitika kule Louisville.

"Florida!"

"Niko, Bibi."

"Dionizi!"

"Ah, Bibi! Si unaniona? Goti lako limegusa langu!"

"Nimekuita. Itika."

"Niko, Bibi."

"Haya, nendeni. Msiachane."

Hapo ndipo walipoondoka. Na Medard, ambaye jina lake halikutamkwa na mtu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, aliishi wiki nzima akisubiri kuitwa mara moja tu.

Basi ikawa Jumatano ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Medard hakuwa na zamu, akaingia mchezoni peke yake kuua muda. Akajikwaa kwenye pango ambalo hakuwahi kuliona, na ndani yake, juu ya jiwe, kulikuwa na upanga mwekundu unaometameta. Uliitwa Upanga wa Kiu. Katika mchezo mzima ulikuwa mmoja tu, na ulijitokeza mara moja kwa msimu, mahali pasipojulikana. Alipougusa tu, maandishi ya dhahabu yakapita kwenye kioo cha kila mchezaji duniani: Medard ameupata Upanga wa Kiu. Ana siku tatu za kuupokea au kuuacha.

Ndani ya dakika tano ujumbe ulimiminika. Watu wa nchi asizoweza hata kuzitaja walimpongeza. Medard aliinuka kitini, akaketi, akainuka tena. Jamani, mtu aliyezoea kuitwa na mmoja tu, leo anaitwa na maelfu!

Jioni ile alimpigia simu Florida, kwa sababu Florida alikuwa mtu wa mizani. Hata viatu hakununua kabla hajachora mstari katikati ya karatasi na kuandika faida huku na hasara huku.

"Haya, nisomee masharti yake, kaka," Florida alisema. Medard alisikia kalamu ikikwaruza.

"Pigo lake moja ni sawa na mishale arobaini ya upinde wangu."

"Faida. Endelea."

"Kila ukimkata adui, unanyonya uhai wake, unakuwa wako. Kwa hiyo huchoki, hufi."

"Faida kubwa. Sitakuwa na kazi mimi mganga. Endelea."

"Unafungua Lango la Shaba, ambalo sisi hata kulinusa hatujalinusa."

"Faida. Sasa niambie hasara, maana nakusikia unazirukaruka."

Medard alikohoa. "Ukiupokea, huwezi kushika silaha nyingine mpaka msimu uishe. Na msimu ukiisha, siku tisini, unatoweka. Halafu… adui asipokuwapo, kiu yake haikomi. Hunyonya uhai wa rafiki yeyote aliye ndani ya hatua thelathini."

Medard alisikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Rudia hiyo."

"Hunyonya uhai wa rafiki aliye karibu."

"Yaani sisi."

"Ninyi mtakaa mbali kidogo tu, Florida. Hatua thelathini si kitu."

"Huyo anayekaa mbali ndiye wewe, bwana, sisi tutakuwa pale pale. Nimehesabu faida tatu na hasara tatu, lakini hazina uzito mmoja. Upinde wako ni mbovu, sawa, hata mimi huucheka. Ila huo mbovu unakuruhusu kusimama nasi."

"Ni miezi mitatu tu!"

"Bibi ana miaka themanini na mmoja. Usiniulize mimi miezi mitatu ni mingapi."

Medard alicheka ili kulipitisha neno lile, akamtakia usiku mwema. Asubuhi kabla ya kwenda kazini aliupokea upanga. Upinde wa mti ukafutika mkononi mwake.

Jumapili walijaribu kwenda pamoja. Bibi aliita, wakaitika, wakatoka. Hawajafika hata mtoni, Florida alipiga kelele, "Medard, rudi nyuma! Unanimaliza! Loo, nimekufa!"

"Nani amekufa?" Bibi alishtuka. "Dionizi, nani amekufa?"

"Hakuna, Bibi, ni mchezo," Dionizi alimtuliza huku akicheka. "Mjukuu wako ameokota upanga unaokunywa watu."

"Autupe," Bibi alisema. "Kitu kinachokunywa watu, mnakitembeza cha nini?"

Wote waliangua kicheko, Medard naye akacheka. Lakini siku hiyo alitembea peke yake ng'ambo ya mto, akiwasikia binamu zake wakitaniana kama mtu anayesikia sherehe ya jirani kupitia ukutani.

Katikati ya wiki akapata barua kutoka kundi la wachezaji mashuhuri. Walimtaka ajiunge nao kulivunja Lango la Shaba. Vita vyao vilikuwa kila Jumapili, na saa yenyewe, ole wake, ilikuwa saa tisa alasiri. Medard aliisoma barua ile mara sita. Angeweza kukataa. Angeweza pia kusema ukweli. Hakufanya hili wala lile. Alimpigia simu Bibi.

"Bibi, Jumapili hizi sitakuwapo. Wamenipa ovataimu ghalani mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza."

"Hata Jumapili ya Bwana?"

"Hata Jumapili, Bibi. Kazi za watu hizi."

"Pole, mwanangu. Kazi ni kazi. Basi kula kabla hujaenda. Na ukitoka, uje. Hata ukichelewa, wewe njoo."

"Nitakuja, Bibi," alisema Medard. Uongo ulimtoka mdomoni ukiwa laini kama siagi.

Tusimwonee. Utamu aliupata, tena wa kweli. Lango la Shaba lilianguka Jumapili ya pili. Majitu yaliyowasumbua wengine miaka, Medard aliyakata kama migomba. Watu walimsifu, wakachora picha za upanga wake, wakamwomba awaelekeze. Lakini hata kundi lile halikuwa na uchawi wa kuishinda hasara ya upanga. Lilimtuma mbele peke yake, nao wakakaa nyuma hatua mia wakimpa amri. Songa kulia. Piga. Rudi. Vita vikiisha walipiga makofi, kisha mmoja baada ya mwingine akazima kipaza sauti chake. Hakuna aliyeuliza kule Louisville mvua inanyesha au vipi.

Ndipo hamu ilipoanza kumla. Ilimjia kwanza ghalani, katikati ya maboksi. Bibi alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, akisaidiwa na Dionizi: "Medard, mwanangu, kazi njema. Huku theluji imefika dirishani. Dionizi amekonda, anasema ni mazoezi, mimi najua ni uvivu wa kupika. Usisahau kula." Aliusikiliza wakati wa mapumziko, akausikiliza tena alipokuwa akipanga maboksi, hadi akaujua kwa moyo, pamoja na kikohozi kidogo kilichokuwa katikati. Alitamani sauti ile imwite jina Jumapili saa tisa kama zamani. Aliitamani hata akahisi njaa ambayo ugali hauigusi. Lakini angerudi vipi? Alikwisha sema yuko kazini. Akirudi mapema atajulikana mwongo. Akajiambia asubiri msimu uishe, ovataimu nayo "iishe", mambo yarudi mahali pake bila mtu kuumia. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, naye akihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni.

Msimu uliisha Jumanne ya mwisho ya mwezi wa kwanza. Upanga ulififia mkononi mwake, ukawa moshi, ukaenda. Kundi mashuhuri nalo halikukawia: kabla ya chakula cha jioni jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye orodha. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemuaga. Medard hakuhuzunika hata kidogo. Alicheka peke yake chumbani, akachukua upinde mpya wa mti, ule wa wanaoanza, akaujaribu kwa kulenga kisiki na kukikosa. Alikuwa na furaha ya mtoto anayengojea sikukuu. Zimebaki siku tano tu, alijiambia. Siku nne. Siku tatu.

Ijumaa Dionizi akapiga simu.

"Medard, Bibi ameanguka jikoni asubuhi. Ni kiharusi. Tuko hospitali."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Njoo."

Medard alipanda gari vile vile alivyokuwa, na fulana ya kazini mwilini. Saa tatu na nusu baadaye alikuwa Columbus, mlangoni kwa Florida, ambaye alimsubiri barazani na begi mkononi. Hawakuzungumza mengi. Walipoipita Cleveland theluji ya ziwani iliwapokea, ikawa nene, wakatambaa nyuma ya magari ya kuisukuma kama wasindikizaji wa maiti. Florida alilia kimya akitazama dirisha. Medard hakulia. Alishika usukani akiomba jambo moja tu: amkute anasema.

Hakumkuta anasema. Bibi Theodosia alikuwa kitandani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, mdomo umekwenda upande. Macho yake yalikuwa wazi na yaliwatambua. Alimshika Florida, kisha akamshika Medard, akampapasa kifua, fulana yake ya ghala, kama anayempa pole ya kazi. Midomo ilijaribu. Ilitoka pumzi, haikutoka sauti. Daktari aliwaambia kwa upole kwamba maneno huenda yakarudi kidogo, au yasirudi kabisa, na kwa umri ule wasijipe matumaini makubwa.

Alasiri ya Jumapili, Bibi alipolala, Medard na Dionizi walitoka wakaketi kwenye viti vya plastiki vya ukumbini. Dionizi, mtu wa mzaha tangu utotoni, alikuwa amejikunja juu ya kikombe cha kahawa asichokunywa.

"Nilikuwa narudi leo," Medard alisema. "Nilikwisha chukua upinde. Saa tisa hii hii ningekuwa nanyi."

"Sawa."

"Mmefika mpaka wapi? Bila shaka mmelivuka bonde. Itabidi mnisubiri niwafikie."

Dionizi alikiweka kikombe chini. "Hatukwenda popote."

"Vipi hamkwenda popote?"

"Alikataa kututoa wawili. Kila Jumapili aliketi, akaita jina lako. Akanyamaza, akasikiliza. Akaita tena. Nikamwambia, Bibi, Medard yuko kazini. Akasema, najua, ila alisema akitoka atakuja, hata akichelewa. Basi tusubiri. Tukasubiri, mimi, yeye na Florida, tumesimama pale mwanzo wa msitu mpaka giza linaingia dirishani. Jumapili kumi na mbili, Medard. Hatukupiga hatua hata moja."

Medard alianza kuzihesabu kwa vidole, akaacha katikati.

"Na mimi nilikuona," Dionizi aliendelea, sauti imeshuka. "Kando ya jina lako kulikuwa na kitone cha kijani. Ulikuwa umo mchezoni. Kila Jumapili kilikuwa kinawaka, pale pale mbele ya macho yake, naye hajui maana yake. Aliniuliza siku moja, hiki kijani kizuri ni nini? Nikamwambia ni pambo."

Dionizi aliinuka, akamgusa bega, akarudi chumbani kwa Bibi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Medard alibaki kwenye kiti cha plastiki, uso viganjani, akalia kwa sauti bila kujali wauguzi waliopita. Upanga ulimpa maelfu ya watu wa kumwita miezi mitatu, na hapakuwa na mmoja kati yao ambaye angemngoja hata dakika kumi. Aliyemngoja alikuwa nyuma ya mlango ule, ana macho, ana mikono, hana sauti. Saa ya ukutani ilitimia tisa, ikapita. Angetoa kila alichonacho ili mtu atokeze kichwa mlangoni na kumwita jina lake, naye aitike. Hakuna aliyemwita. Ndipo alipoielewa methali aliyopatia kumi kwa kumi akiwa mtoto, na akaielewa kama anavyoielewa aliyekwisha keti sakafuni: usiache mbachao kwa msala upitao.